Nira ya Transfa: Namna ya Kuitoa na Kuirudisha

Wasomaji wetu wote waijua nira ya ng'ombe. Ni mti uwekwao juu ya shingo za ng'ombe wawili, ili nguvu zao ziungane na kuvuta jembe au gari pamoja. Motakaa nayo ina nira zake, ila ni za chuma, wala hazikai shingoni mwa mnyama bali mwisho wa shafti. Walakini kazi yake ni ile ile, yaani kuunganisha penye nguvu na penye mzigo. Leo twataka kueleza habari za nira moja katika hizo, ile iliyo katika transfa ya gari livutalo kwa magurudumu manne, na namna ya kuitoa na kuirudisha bila ya kuharibu kitu wala kuumiza mtu.

Labda mtu atasema, "Mimi si fundi, habari hizi zanifaa nini?" Twamjibu hivi. Gari la zahanati au la shule likilala mahali usiku, na asubuhi chini yake pana doa jeusi la oili, watu wengi hulipita wala wasilitazame. Doa la leo ni dogo, na la kesho ni dogo vile vile. Lakini ziko transfa ambazo oili yake yote ni lita moja tu, na tone kwa tone lita ile hukwisha. Siku itakapokwisha, gari huenda likawa maili arobaini mbali na fundi, limembeba mama mwenye uchungu wa kuzaa, na njia ni ya matope. Siku hiyo meno na beringi za transfa zitaungua, gari litasimama, na sili iliyokuwa ya bei ndogo itakuwa imewagharimu watu transfa nzima, au zaidi ya hiyo. Kwa hiyo hata asiyeshika spana yafaa ajue kazi hii yafanywaje, apate kuisimamia.

TRANSFA NI NINI

Nguvu ya gari hutoka katika injini, ikaingia giaboksi. Katika gari livutalo kwa magurudumu mawili ya nyuma, nguvu hutoka giaboksi ikaenda nyuma moja kwa moja. Lakini katika gari la magurudumu manne, nyuma ya giaboksi pana sanduku jingine, ndilo transfa. Sanduku hili huigawanya nguvu njia mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma. Magari ya namna hii yalienea sana tangu zile Jeep za vita zilizoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1941, na Land Rover ya Uingereza iliyoonyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1948.

Kutoka transfa mpaka difu ya mbele na difu ya nyuma zimo propela mbili, yaani fito ndefu za chuma zizungukazo. Kwa kuwa magurudumu hupanda na kushuka njiani, propela haiwezi kushikwa kwa chuma kilichonyoka. Lazima pawe na kiungo kipindacho, kama kiwiko cha mkono. Kiungo hicho ni msalaba wa chuma wenye ncha nne. Ncha mbili hushikwa na nira ya propela, na mbili hushikwa na nira ya transfa.

Nira ya transfa ina sehemu tatu. Kwanza, masikio mawili yanayoushika msalaba kwa vibano, au kwa bolti zilizopindwa mfano wa herufi U. Pili, shingo ya mviringo iliyolainishwa sana, ambayo juu yake hukaa mdomo wa sili, ile pete ya mpira izuiayo oili isitoke. Tatu, meno ya ndani, ambayo huingia katika meno ya shafti ya transfa. Mwisho wa shafti hufungwa nati moja kubwa, ndiyo iishikayo nira isichomoke. Magari mengine, kama Land Rover nyingi, badala ya masikio yana sahani ya mviringo yenye bolti nne. Lakini njia ya kazi haitofautiani sana.

KWANZA TAFUTA SABABU

Fundi mwema haanzi kwa spana, huanza kwa macho. Oili iliyo chini ya gari huenda ikatoka katika injini au giaboksi, na upepo wa mwendo ukaipeleka nyuma hata ikafanana na oili ya transfa. Basi osha sehemu ile yote kwa maji na sabuni, ikauke, kisha endesha gari mwendo mfupi ukatazame tena. Sili ya nira ikiwa mbovu, utaona oili imerushwa kwa duara, juu na pembeni, maana nira huitupa ikizunguka.

Kisha tazama tundu la kupumulia. Transfa ikipata joto, hewa iliyomo hutanuka, nayo hutoka kwa tundu dogo lenye mrija. Tundu likizibwa na tope au nyumba ya mdudu, hewa hukosa njia, ikaisukuma oili nje kwa sili hata kama sili ni nzima. Wako watu waliobadili sili mara tatu, na kosa lilikuwa tope la tundu tu.

Mwisho, shika nira kwa mikono miwili uitikise juu na chini. Ikicheza pamoja na shafti, beringi ya ndani imekwisha, na sili mpya haitadumu. Hapo kazi ni kubwa kuliko hii tunayoeleza, nayo ni ya karakana.

HATARI YA KUJIHADHARI NAYO

Twaomba msomaji asome maneno haya mara mbili. Katika Land Rover za zamani na zile ziitwazo Defender, breki ya mkono haishiki magurudumu. Hushika ngoma iliyo nyuma ya transfa, na nguvu yake hufika magurudumuni kwa njia ya propela ya nyuma. Basi mtu akiifungua propela ile, breki ya mkono haishiki tena kitu, hata kama ameivuta mpaka mwisho. Gari lililo penye mteremko litaondoka, na aliye chini yake atakanyagwa. Kadhalika katika gari lo lote, transfa ikiwa katikati pasipo gia, kuliacha gari ndani ya gia hakulizuii lisiende.

Kwa hiyo gari lisimame mahali tambarare. Magurudumu yazuiwe mbele na nyuma kwa magogo au mawe makubwa, wala si kwa tofali linaloweza kuvunjika. Kama ni lazima kuliinua, lisimamishwe juu ya vigingi vya chuma vya kazi hiyo. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Tena liachwe lipoe kwanza, maana oili ya moto huunguza.

KUTOA NIRA

Sasa tufuate kazi kwa utaratibu. Twachukua mfano wa nira ya mbele ya transfa ijulikanayo kwa namba 231, iliyotengenezwa na New Process Gear katika jimbo la New York, nayo imo katika Jeep Cherokee na Wrangler nyingi za miaka ya 1990.

1. Fungua kizibo cha kujazia oili kabla hujafungua kizibo cha kumwagia. Sababu yake ni hii: ukimwaga oili yote, kisha ukaona kizibo cha kujazia kimeshika kutu na hakifunguki, gari litakuwa halina oili wala njia ya kulitilia. Kizibo cha juu kikikubali, ndipo umwage oili katika chombo safi. Itazame, ikiwa na vipande vya chuma, ndani mna maradhi mengine.

2. Tia alama ya rangi juu ya nira na juu ya propela, mahali pamoja, ili zirudi kama zilivyokuwa. Propela ilisawazishwa kiwandani ikiwa pamoja na viungo vyake. Ikigeuzwa huenda gari likatetemeka.

3. Fungua bolti za kuushika msalaba, uitoe propela kwa taratibu. Ncha za msalaba zimevikwa vikombe vidogo, na ndani yake mna vijiti vya chuma vyembamba kama sindano. Vikombe visianguke, vifunge kwa utepe au uzi. Kisha ifunge propela kwa kamba ubavuni, usiiache ikaning'inia, maana kiungo cha upande wa pili kitaumia.

4. Kama nati ya nira ina kotapini, itoe kwanza. Halafu izuie nira isizunguke. Njia iliyo njema ni kuchukua ubao wa chuma wenye matundu, kuufunga kwa bolti katika masikio ya nira, na kuuegemeza penye fremu ya gari. Usizuie kwa kupachika bisibisi katika masikio, kwani yatapinda au yatapasuka.

5. Fungua nati kwa soketi inayolingana nayo sawasawa na mpini mrefu. Nati hii hulegea kwa kuzungushwa upande wa kushoto. Usiipige kwa tindo na nyundo. Kila pigo la tindo lafika katika beringi, na nati iliyotafunwa haitakazwa vizuri tena.

6. Vuta nira kwa mikono. Ikikataa, tumia chombo cha kuvutia ambacho mafundi hukiita pula, chenye miguu ishikayo nira na skrubu isukumayo kati ya shafti. Usiitegue kwa mtaimbo ulioegemea sanduku la transfa, maana sanduku ni la aluminiamu, nalo hupasuka upesi.

KUTAZAMA NA KUBADILI SILI

Nira ikiisha kutoka, ipanguse kabisa. Pitisha ukucha juu ya shingo yake, mahali palipokaa mdomo wa sili. Ukucha ukinasa katika mfereji, shingo imelika, na sili mpya itavuja kama ile ya kale. Dawa yake ni nira mpya, au ala nyembamba ya chuma ambayo huvikwa juu ya shingo iliyolika. Tazama pia meno ya ndani kama yamekonda, na masikio kama yana ufa au kama vikombe vya msalaba vimeyala.

Chokoa sili ya kale kwa chombo chenye ncha ya kulabu, wala usikwaruze shafti wala nyumba ya sili. Safisha nyumba ile. Sili mpya ina upande mmoja wenye kamba ndogo ya springi; upande huo huelekea ndani, kwenye oili. Mtu akiigeuza, itavuja siku ile ile. Paka mdomo wake grisi kidogo, kwa sababu mpira mkavu juu ya chuma huungua katika dakika za kwanza. Kisha iingize kwa kuipiga polepole pande zote, kwa kipande cha bomba chenye upana wa sili, hata ikae sawa na ukingo. Ikiingia upande, itoe uanze tena, usiilazimishe.

KURUDISHA NIRA

Paka shingo ya nira oili, uiingize katika meno ya shafti kwa mkono. Usiipigilie kwa nyundo, maana pigo husukuma shafti na kuumiza beringi na pete zilizomo ndani. Iache nati iivute taratibu inapokazwa.

Hapa pana siri ambayo wengi hawaijui. Oili haipiti penye mdomo wa sili tu. Hupita pia kati ya meno ya shafti na meno ya nira, ikatokea chini ya nati. Ndiyo sababu transfa hii ina washa yenye mpira chini ya nati. Washa hiyo iwe mpya, na meno yapakwe gundi kidogo ya kuzuia oili. Nati nayo, ikiwa ni ya namna ijikazayo yenyewe, hutumika mara moja tu, nunua mpya.

Nati ikazwe kiasi gani? Kwa transfa hii ni futi-ratili 90 hadi 130, yaani nyutoni-mita 122 hadi 176. Fundi huchukua 110. Mwenye spana ya kupimia asome kipimo chake. Lakini asiyekuwa nayo asikate tamaa, maana hii ni hesabu ambayo mwalimu aweza kuifundisha ubaoni. Nguvu ya kukaza ni uzito wa mvuto ukizidishwa kwa urefu wa mpini. Ukitaka 110, na mpini wako una futi 2 kutoka katikati ya nati mpaka pale unapovuta, gawanya 110 kwa 2; jibu ni 55. Basi funga mizani ya kulabu penye alama ya futi 2, uvute kwa pembe mraba na mpini mpaka mizani isome ratili 55, ambazo ni kama kilo 25. Mpini ukiwa wa futi 4, mvuto ni nusu ya huo. Kwa gari la namna nyingine, tafuta kipimo katika kitabu cha gari lile, usichukue hiki.

Kisha rudisha propela kwa kufuata zile alama za rangi, vikombe vya msalaba vikae vizuri vitandani mwake, na bolti zikazwe zamu kwa zamu, kidogo kidogo. Funga kizibo cha chini, ujaze oili kwa tundu la juu mpaka ianze kufurika, gari likiwa limekaa sawa. Transfa namba 231 hutumia oili nyekundu ya giaboksi zijiendeshazo, kiasi cha lita moja. Transfa nyingine zenye magia matupu pasipo mnyororo hutumia oili nzito ya gia. Oili hizi hazibadilishani. Anayetia yo yote aliyo nayo anaweza kuharibu kwa mkono wake kile alichokuwa akikitengeneza.

Endesha gari polepole maili chache, urudi utazame chini yake. Kesho yake tazama tena. Pakiwa pakavu, kazi imekwisha.

ONYO JUU YA DIFU

Mtu akiisha kufanya kazi hii vizuri, huenda akasema, "Difu nayo ina nira na nati na sili, nitafanya vivyo hivyo." La! Katika difu nyingi nati ya nira haishiki nira tu, bali ndiyo ipimayo mkazo wa beringi, nayo huibana pete laini iliyomo ndani. Ikikazwa kupita kiasi, beringi huungua. Ikilegezwa, meno huliana. Kazi ya difu ina kipimo chake na mwalimu wake.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Kwa nini kizibo cha kujazia hufunguliwa kabla ya kile cha kumwagia?
2. Mpini una futi 3, na nguvu itakiwayo ni futi-ratili 120. Mizani isome ratili ngapi?
3. Gari limevutwa breki ya mkono, nalo lateremka lenyewe baada ya propela ya nyuma kufunguliwa. Eleza sababu.
4. Sili mpya imetiwa, na oili bado yavuja. Taja mambo manne yanayoweza kuleta hayo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa gari ni lile doa la oili asubuhi. Basi kila mwenye dhamana ya gari la watu wengi, awe mwalimu, mganga au mzee wa kijiji, na ajizoeze kuinama na kutazama chini yake kabla halijaondoka. Kutazama hakugharimu senti, na mgonjwa aliyelala ndani ya gari hawezi kuinama akatazama mwenyewe.